Ini la Mtu Asiyekunywa

Jinja, 9 Januari 2023

Afande Geresom,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Usishtuke kuona barua. Najua tangu ustaafu Magereza ukarudi Mbale hakuna anayekuandikia ila watu wa pensheni, na wao wanaandika kukuambia usubiri. Mimi naandika kwa sababu simu yangu si yangu. Ikilia hapa depo yangu ya soda, Hajarah mke wangu anaiweka spika, anasema masikio yangu yamezeeka. Na naandika Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna anayekitaka. Watoto wanaona ni lugha ya askari na ya watu waliopigwa na askari. Juwairiya binti yangu alikisoma sekondari, ila anasema alimrudishia mwalimu siku ya mtihani. Barua inakuja na Romano, yule dereva wa lori la mchele. Jibu kupitia kwake.

Basi habari yenyewe. Tangu Novemba nachoka bila kazi, na chini ya mbavu upande wa kulia kuna uzito, kama mtu ameniwekea kiganja hajakiondoa. Nikaenda kliniki. Wakanipaka uji wa baridi tumboni, wakapitisha kidude chao, wakatazama televisheni. Daktari ni kijana mwenye miwani. Akaniuliza:

"Mzee, unakunywa?"

"Nakunywa soda."

"Nauliza pombe."

"Na mimi nakujibu soda. Mimi ni Muislamu, mwanangu. Nauza soda kwa jumla tangu hujazaliwa."

Akaandika. Akatazama tena televisheni yake. "Hata kidogo? Jioni, na marafiki?"

Mara ya tatu alimtoa muuguzi nje kwanza, nisije nikaona haya.

Afande, ini langu limejaa mafuta, na pembeni limeanza kukakamaa. Anasema akioneshwa picha ile bila jina angesema ni ya mlevi. Kumbe soda inaweza. Kumbe chapati inaweza, na sukari vijiko vitano kwenye chai, na tumbo hili ambalo watu wote wananipongeza. Likiachwa litakuwa gumu, na likishakuwa gumu halirudi. Sasa hivi bado linarudi. Nipunguze kilo kumi, niache soda, nipunguze unga mweupe na vya kukaangwa.

Sasa sikia tabu yangu. Juwairiya ameposwa. Nikaha ni Agosti. Baba wa kijana ni Nasif, yule wa vifaa vya ujenzi, mtu anayenusa dhambi kabla haijatendwa. Akisikia "ini" atasikia "pombe". Hapa Jinja sijawahi kumwona mtu aliyeambiwa ini akafikiria chapati. Kwa hiyo nyumbani nimesema nina vidonda vya tumbo. Uganda nzima ina vidonda vya tumbo, hakuna anayeuliza zaidi.

Wewe umekunywa mbele yangu miaka yote niliyoleta kuni gerezani hapa Jinja, mpaka leo mtaani wanakuita Afande Kwete, kwa ile pombe yako ya mahindi. Mambo ya ini unayajua. Nifanye nini?

Wako,
Muzamiru


Namakwekwe, Mbale, 17 Januari 2023

Bwana Muzamiru,

Umeniuliza mimi habari ya ini kama mtu anayemuuliza mwizi habari ya kufuli. Umefanya vizuri.

Unamkumbuka Night, binti yangu mkubwa. Sasa ni muuguzi hapa mjini, ana makaratasi mengi ya vyakula. Nimeyasoma yote, pamoja na yale aliyoyaficha. Nilivyoelewa mimi, mtu wa darasa la saba, ni hivi: ini ni kama stoo. Sukari ya soda haipiti popote, inakwenda moja kwa moja stoo, na mwenye stoo hawezi kuirudisha mlangoni, basi anaigeuza mafuta anaiweka. Kesho inakuja nyingine. Keshokutwa pia. Mwisho mwenye stoo analala juu ya magunia, anashindwa hata kusimama. Pombe inajaza stoo hiyohiyo kwa mlango mwingine. Ndiyo maana picha zinafanana.

Lakini mimi nina elimu ambayo Night hana. Miaka thelathini na mmoja nimewapokea matajiri getini. Anaingia mtu na tumbo limetangulia, anahema kwa kuvua viatu tu. Miezi sita ya maharage, posho ya unga wa mahindi kwa kipimo, maji, na jembe kuanzia asubuhi. Anatoka anapanda gari bila kusaidiwa, anatulaani kwa nguvu. Sikuwahi kuwauliza habari za ini, ila macho yao yalikuwa meupe.

Kwa hiyo, kwa mamlaka ambayo sina tena, nakuhukumu kifungo cha miezi sita. Soda hakuna, hata ya mgeni. Chai kavu, bila sukari. Chapati moja, Ijumaa, ukitoka msikitini, na usile ukisimama ukasema haihesabiki. Maharage na mchicha wa dodo kila siku. Samaki wa kuchemsha. Matoke ni halali, ila sahani ijae mboga kwanza. Kutoka depo mpaka nyumbani unatembea, boda boda ni kutoroka jela. Na usijinyime kula ili upungue haraka: Night anasema kukonda kwa ghafla nako kunaliumiza ini. Nusu kilo kwa wiki inatosha.

Mimi? Nakula malewa, yale machipukizi ya mianzi, na karanga, napanda vilima kutafuta maji yakikatika, na jioni napata kidogo. Night ananiambia sijapona, ila bado sijakamatwa.

Sajenti (mstaafu)
Geresom Wanyera


Jinja, 2 Machi 2023

Afande,

Mfungwa wako anaripoti. Kilo tatu zimetoka.

Kula si kazi. Kazi ni soda. Wewe hujui biashara hii: akija mteja wa jumla, nafungua chupa mbili, yake na yangu, ndipo tunazungumza. Ndivyo nilivyofanya tangu nifungue depo mwaka 1997. Nisipokunywa, na yeye hanywi, anaanza kutazama tarehe kwenye kizibo. Mmoja wa Kamuli aliniambia wazi, "Mzee, kama wewe mwenyewe unaiogopa, mimi nitamuuzia nani?" Nilikaa nikahesabu: chupa sita kwa siku, siku za soko nane. Miaka ishirini na sita, Afande. Ukizipanga zinafika kwenu Mbale.

Nimepata njia. Asubuhi nachemsha majani ya chai, bila sukari, yakipoa nayatia kwenye chupa tupu ya soda nyeusi, narudishia kizibo. Chupa yangu inakaa chini ya meza nyuma ya kreti. Akija mteja nainama, naichukua, nakunywa nikijifanya gesi imenipanda puani. Jana Hajarah amenikuta nimeinama natazama huku na huku. "Unaficha nini?" Nikasema panya.

Muislamu wa miaka hamsini na minne, najificha kama mlevi ili ninywe maji ya majani.

Muzamiru


Mbale, 19 Machi 2023

Bwana Muzamiru,

Ramadhani inaanza wiki hii, na mimi Mkristo nina wasiwasi nayo kuliko wewe. Mchana sikuogopi. Naogopa jioni. Nimekula futari kwako mara nyingi: tende, uji wa sukari, sambusa, chapati, halafu soda baridi ya kusukumia, halafu ndipo wanasema chakula kiko tayari. Funga ya mchana mmoja unaivunja kwa sukari ya mwaka mzima. Anza na maji na tende mbili, kula maharage, kaa. Sambusa ziwapite zikielekea kwa wengine.

Nakutumia kahawa ya kwetu mlimani, nimeitwanga mwenyewe. Night anasema wataalamu wanaona kahawa isiyo na sukari haina ubaya kwa ini, huenda ikasaidia. Inywe hivyohivyo, chungu. Romano anayo.

Geresom


Jinja, 6 Mei 2023

Afande,

Nianze na zuri. Kilo saba! Nimerudi kliniki, wakapaka uji wao, kijana akatazama, akaniita nitazame na mimi. Sikuona kitu, ilikuwa kama mvua kwenye televisheni, lakini alikuwa anacheka. Anasema mafuta yamepungua wazi, na nikiendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka ini litajitengeneza. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilitoka pale, Afande, nikatembea mpaka mtoni bila sababu.

Sasa baya. Afande wangu, ulikosa hata kipande cha gazeti? Kahawa uliitia kwenye chupa bapa ya waragi, na lebo yake juu! Romano aliingia nayo depo akaiweka mezani, akasema kwa sauti ya kupakia mchele, "Mzigo wako kutoka kwa Afande Kwete!" Na mbele yangu amekaa nani? Nasif. Alikuwa amekuja kuzungumza mambo ya nikaha. Aliisoma lebo yote, mpaka asilimia. Mimi nikafungua, nikampa anuse. Kahawa. Tulicheka sana, yeye kidogo zaidi yangu. Lakini tangu siku ile akinikumbatia ananikumbatia kwa pua.

Na si hilo tu. Idd tulikwenda Budondo kwa ukoo. Mkanda wangu nimeutoboa matundu mawili mapya. Shangazi Bushira alinishika mkono, akauzungusha kwa vidole, vidole vikakutana, akaanza kulia. Wewe unajua kwetu tulizika wangapi miaka ile ya silimu, UKIMWI ulipokuwa hauna dawa. Mwanaume wa umri wangu akikonda anatakiwa ajieleze. Kufika jioni kila mtu alikuwa ananipa kipande cha nyama, kwa upole, kama napanda gari la safari ndefu.

Jana Nasif akasema watoto watapima damu kabla ya nikaha, msikiti unataka hivyo. Nikasema vizuri. Akasema, "Na sisi wazee tungepima. Kwa baraka tu." Alikuwa anautazama mkanda wangu.

Muzamiru


Mbale, 14 Mei 2023

Bwana Muzamiru,

Kwa chupa, nisamehe. Nilitafuta nyingine nyumba nzima. Nyumbani kwangu chupa ni za aina moja.

Kwa kilo saba, nimesoma sehemu ile mara nne, nikamsomea Night, naye akakaa chini. Anasema wagonjwa wake wote wanamwambia ndiyo, na wewe ndiye wa kwanza aliyefanya.

Kwa hiyo sikiliza. Pima hiyo damu, mwoneshe karatasi. Halafu mwambie ukweli mtupu: nilikuwa na mafuta kwenye ini, ya soda, ndiyo maana nimekonda. Sema kwa sauti, mbele ya watu, mara moja. Mimi nimewaona watu mia wakifungwa kwa kitu walichokificha, na kile walichokificha hakikuwa hata kosa.

Geresom


Jinja, 27 Mei 2023

Afande,

Nilipima. Safi. Nikampelekea Nasif karatasi dukani kwake. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayetaka kukusaidia:

"Sasa kama si hiyo, ni nini?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Neno "ini" lilikuwa hapa mbele ya meno. Nikamwona anainama kidogo, pua imetangulia, na nikaiona ile chupa yako kwenye macho yake. Nikafikiri: nikisema ini, leo jioni litakuwa limefika msikitini, kesho Juwairiya ni binti wa mlevi anayejificha. Kijana anampenda, lakini kijana ni mpima mabati dukani kwa baba yake, hawezi kumpinga.

Nikasema, "Ni vidonda vya tumbo, bwana, lakini vimepona." Na ili aone vimepona, nikamwita muuza rolex aliye nje ya duka lake. Mayai matatu yamekunjwa ndani ya chapati mbili. Na soda. Nikala yote mbele yake. Ni mara ya kwanza namwona Nasif akitabasamu na meno.

Ni miezi mitatu tu mpaka Agosti. Nitarudisha mwili kidogo, watu wanyamaze, binti aolewe. Halafu nitarudi jela mwenyewe, nitabisha hodi getini.

Muzamiru


Mbale, 5 Juni 2023

Muzamiru,

Nilikuwa na wafungwa walioomba watoke kidogo wakamalize shughuli, warudi wenyewe. Hawakuwa waongo. Wengi walimaanisha.

Ini halijui Agosti.

Geresom


Jinja, 30 Januari 2024

Afande,

Najua nimekaa kimya. Nilikuwa nangoja niandike nikiwa na habari nzuri, na habari nzuri ilikuwa inangoja nikaha. Agosti bibi yake bwana harusi alifariki, tukasogeza. Desemba nyumba ya kijana haijaezekwa, na mwenye mabati ndiye baba yake! Sasa wanasema baada ya Ramadhani. Nasif hana haraka. Kila akija anaagiziwa sahani, nami nakula naye, kwa sababu akila peke yake anauliza.

Zile kilo saba zimerudi, na zimekuja na wenzao. Watu wamefurahi. Msikitini wananiambia, "Mzee, umerudi!" Shangazi Bushira anampigia Hajarah makofi, ati ndiye aliyeniponya. Kliniki sijakwenda. Sitaki kumwona yule kijana wa miwani akitazama televisheni yake.

Jioni viatu vinabana. Ni chumvi hiyo. Nimewaambia wapunguze.

Usinijibu kwa hotuba, nakujua.

Muzamiru


Mbale, 8 Februari 2024

Bwana Muzamiru,

Si hotuba. Miguu kuvimba si chumvi. Nimemuuliza Night, akaacha alichokuwa anafanya. Nenda upimwe wiki hii. Kama unaogopa kuonekana Jinja, njoo hapa, utalala kwangu, nitasema wewe ni shemeji yangu, hakuna anayekujua.

Na jambo lingine, ambalo sijamwambia mtu. Tangu Krismasi sijanywa. Si dini, usicheke. Niliona kama mzee mlevi wa Namakwekwe anaweza kuacha chake, wewe utaona haya ukiacha chako nusu. Ilikuwa hila. Nilikuwa nangoja uniambie imefaulu.

Geresom


Mbale, 21 Aprili 2024

Muzamiru,

Romano anasema barua alikupa mkononi, ukaitia mfukoni, ukamfungulia soda.

Idd imepita. Tarehe ni lini?

Geresom


Jinja, 2 Septemba 2024

Afande wangu,

Nikaha imefungwa. Tarehe ishirini na nne Agosti Juwairiya ameolewa, na Nasif alilia, mtu yule ana machozi, nimeyaona. Nilivaa kanzu mpya pana. Wageni walinishika tumbo wakasema huyu ndiye baba wa bibi harusi, amejaa neema. Lilikuwa maji, Afande. Tangu Juni lilikuwa maji.

Wiki iliyofuata nilikwenda. Walitoboa tundu dogo wakatoa chupa na chupa, rangi ya ile chai yangu ya zamani. Kijana wa miwani safari hii hakuniuliza kama nakunywa. Aliuliza, "Kwa nini hukurudi?" Nikamwambia nilikuwa na harusi. Akavua miwani akaifuta, ilikuwa safi. Anasema sasa hakuna kurudi. Limekauka. Watakuwa wanatoa maji na kunipa vidonge vya kunikojoza, na kungoja. Kuna nchi wanakata ini la mtu wanakupa kipande. Alisema hivyo kama anavyosema mtu habari za mwezini.

Nyumbani bado ni vidonda vya tumbo. Macho yamekuwa manjano, nimesema ni malaria.

Ninalo ombi. Unajua kwetu maiti akiwa mbele, sheikh huwauliza watu, "Huyu mnamshuhudia vipi?" Na watu hujibu, "Mtu mwema." Wote hujibu hivyo, hata kwa mwizi. Mimi nataka zaidi. Watu wameanza kutazama macho yangu. Wewe umekaa nami ukinywa, mezani kwangu, miaka kumi na minane, na hukuwahi kuniona nikionja tone. Hakuna shahidi mwingine kama wewe. Ukiulizwa, simama useme. Uhai nimeuacha kwa ajili ya jina hili, angalau jina libaki.

Muzamiru


Mbale, 10 Septemba 2024

Muzamiru,

Nitasimama.

Ningeweza kuandika mengi. Nimeandika, nimechana.

Kujinyima hakusaidii tena. Kula unachopenda. Kifungo chako nimekifuta.

Geresom


Jinja, 10 Februari 2025

Kwa Mzee wangu Geresom,

Shikamoo. Ni mimi Juwairiya, binti wa marehemu Muzamiru. Nisamehe Kiswahili changu, ni cha darasani. Namba yako ya simu sina, lakini Romano alisema barua atakufikishia.

Nakushukuru kwa kuja Budondo kumzika baba. Mama anasema ulikuja asubuhi ileile Romano alipokupigia, na hukunywa hata chai. Tulikuona ulivyosimama nyuma peke yako na koti la kazi na nishani.

Mzee, nataka kukueleza jambo kwa heshima. Sheikh alipouliza, "Huyu mnamshuhudia vipi?" watu walijibu, "Mtu mwema," na mambo yangeishia hapo. Mpaka saa ile watu wengi walikuwa wanasema vidonda vya tumbo, au malaria iliyopanda. Ndipo wewe ulipopita mbele ukasema kwa sauti ya paredi: "Mimi namshuhudia huyu hakuwahi kunywa pombe." Mzee, hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya pombe. Watu waligeuka wakatazamana. Wazee wa Jinja walikutambua, nilimsikia mmoja akisema, "Si ndiye Afande Kwete?" Na mwingine, "Sasa nani angejua zaidi yake?" Baba mkwe wangu alitazama chini. Tangu siku ile hajalitaja jina la baba, na mume wangu amekuwa mpole kwangu kwa namna nisiyoipenda.

Hospitali pia, siku ya mwisho alipotapika damu, daktari wa zamu aliniambia ini limekwisha, akaniuliza baba alikuwa anakunywa kiasi gani. Nilimwambia hakunywa. Akanitazama kama wewe ulivyotazamwa. Kisha mama akakumbuka siku alipomkuta ameinama nyuma ya kreti anaficha chupa, akasema ni panya. Akakumbuka pia ile chupa iliyotoka kwako.

Sikulaumu. Ulikuwa rafiki yake na ulitaka kumsitiri. Lakini mimi ni mtoto wake, nataka kujua, na sitamwambia mtu yeyote mpaka nife. Alianza lini?

Binti yako,
Juwairiya


Mbale, 18 Februari 2025

Binti yangu Juwairiya,

Marahaba. Nitakujibu kama ulivyouliza.

Alianza mwaka 1997, alipofungua depo. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Kila mteja aliyeingia alimfungulia chupa na yeye akafungua yake: soda. Sita kwa siku, siku ya soko nane. Chai alitia vijiko vitano. Chapati alikula kama wewe unavyovuta pumzi. Hivyo ndivyo ini lilivyojaa mafuta, na mafuta yakalikakamaza, na hilo ndilo daktari wa zamu aliloliona. Ini la pombe na ini la sukari, kwa nje, ni ndugu pacha.

Mwaka 2023 alikuwa anapona. Liandike mahali. Kilo saba zilitoka, mafuta yalikuwa yanatoka, alikuwa na miezi michache tu amalize. Lakini alikonda, na watu wakasema. Angesema ni ini, wangesema pombe. Angenyamaza, wangesema silimu. Aliamua kunenepa mpaka uolewe. Harusi ikasogezwa mara tatu. Chupa ile nyuma ya kreti ilikuwa na chai baridi isiyo na sukari, alikuwa anaificha wateja wasijue hanywi soda. Chupa kutoka kwangu ilikuwa na kahawa. Mwulize baba mkwe wako, aliinusa.

Pale mazikoni mimi ndiye niliyekosea. Aliniomba nishuhudie, nikashuhudia kama askari: nikajibu shtaka ambalo halijasomwa. Miaka thelathini na mmoja nimewasikia watu wakikana hivyo, na kila mara nilimwandika kuwa mkosaji yule anayekana kabla ya kuulizwa. Nilipaswa kujua. Mimi nimeacha pombe zaidi ya mwaka sasa, ila sura haikuacha.

Nakuomba mambo mawili. Msomee mama yako barua hii. Na nenda upimwe wewe pia, ulilelewa kwenye depo ileile. Night binti yangu atakupokea bila kukuuliza chochote.

Mzee wako,
Geresom Wanyera


Jinja, 2 Machi 2025

Mzee Geresom,

Shikamoo. Barua nimeipata nimeisoma mara mbili. Nakushukuru sana kwa maneno uliyomtafutia baba. Hakuna ndugu yake aliyehangaika kiasi hicho kumsitiri. Nilisoma mpaka mahali pa soda nikalia, kwa jinsi ulivyompenda.

Mama sikumsomea, angetaka kuamini.

Nimeichoma, mume wangu asije akaiona. Nakuombea Mungu akulipe kwa uongo huo mwema. Tafadhali usiandike tena.

Juwairiya